Kabla hujauliza gari ya umeme inaenda umbali gani, uliza inalala wapi

Nimeendesha haibridi, yaani gari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa miaka, baadae tukaongeza gari ya umeme kamili hapa nyumbani, kwa hiyo zote mbili nazijua kwa maisha ya kila siku, kazini, shule ya watoto, foleni, mvua, zile safari za ghafla usiku mtoto akiugua. Watu wanaotaka kununua huwa wananiuliza inaenda kilomita ngapi. Swali zuri lakini sio la kwanza. La kwanza ni gari itakuwa inalala wapi, na hapo inapolala kuna umeme wa uhakika wa kuichomeka usiku kucha au hakuna. Jibu la hapo ndo linaamua ununue ya umeme, haibridi, au ubaki na petroli yako, hayo mengine yote ya spidi na skrini na ukimya yanafuata nyuma.

Naanza na haibridi maana ndo nilianza nayo. Wakati ule tulikuwa tunapanga, gari inalala nje barabarani, hakuna soketi wala mahali pa kupitishia waya, kwa hiyo umeme kamili haukuwepo kabisa kwenye hesabu. Haibridi ya kawaida haichomekwi popote, nalisema mapema maana bado kuna watu wengi wanatafuta tundu la chaji wasilione wanadhani wameuziwa gari mbovu. Unaweka petroli kama kawaida, umeme inajitengenezea yenyewe kutoka kwenye injini na kutoka kwenye breki. Na sio kitu kipya cha kuogopa, Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, kwa hiyo mafundi wamekuwa na muda mrefu wa kuzizoea na magonjwa yake yanajulikana.

Kinachokusumbua mwanzoni ni ukimya. Unabonyeza kitufe, hakuna mngurumo, inawaka taa imeandikwa READY na basi, gari iko tayari. Mke wangu siku ya kwanza alikaa anasubiri, akaniambia "mbona haiwaki hii", kumbe ilishawaka zamani. Hilo linachekesha lakini lina hatari yake pia, maana ni rahisi kabisa kushuka ukaiacha gari imewaka, funguo mfukoni, wewe unajua umezima. Injini inakuja kuwaka yenyewe baadae betri ikishuka. Kama unaegesha sehemu iliyofungwa, gereji ya nyumbani kwa mfano, hii ni hatari ya kweli kwa sababu ya moshi. Tukaweka utaratibu kwamba kabla ya kushuka unaangalia dashibodi imekuwa nyeusi kabisa, na mpaka leo kila mtu nyumbani anafanya hivo bila kukumbushwa.

Kwenye foleni ndo haibridi inalipa. Gari ya petroli ikisimama inachoma mafuta bure, haibridi inazima injini, inatembea mita mbili tatu kwa umeme, inasimama, inatembea tena, AC inaendelea kwa sababu kompresa yake kwa nyingi ya hizi ni ya umeme. Mafuta niliyokuwa naweka kwa wiki yalipungua karibu nusu na njia ni ileile, foleni ileile. Ila barabara kuu kwenye mwendo wa mfululizo tofauti inapungua sana maana pale injini inafanya kazi muda wote na breki hazigusiwi, hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo kama maisha yako ni barabara kuu asubuhi mpaka jioni usitegemee miujiza ya haibridi, utaona nafuu lakini sio ile unayosimuliwa.

Kuna kitu kimoja cha foleni nataka kila mwenye haibridi akijue. Wengi tumezoea tukisimama muda mrefu tunaweka gia ya N. Kwenye haibridi za mfumo kama wa Prius ukiweka N jenereta haichaji, yaani AC na taa zinakula betri na hakuna kinachorudi hata kama injini inaunguruma. Ukikaa hivo muda mrefu betri inashuka mpaka gari inaanza kulalamika. Iache kwenye D ukanyage breki, au kama umesimama kabisa weka P, hapo injini itawaka ichaji ikizidiwa. Fundi mmoja ndo aliniambia, "kaka, kwenye hii gari N ni ya kusukumwa tu", na sijawahi kuisahau hiyo.

Sasa kuna betri mbili, na hii watu inawachanganya mno. Kuna ile kubwa ya kusukuma gari, ambayo kwenye haibridi nayo sio kubwa kihivo, kwenye Prius za zamani ni kama uniti moja na robo hivi (uniti ni kilowati moja kwa saa nzima, zilezile za mita ya nyumbani), inakutembeza kilomita moja mbili peke yake basi. Halafu kuna ile ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote, na hii ndo itakulaza njiani kabla ya ile kubwa. Hakuna stata ya kuzungusha injini kwa hiyo hautasikia ile sauti ya kuchoka inayokupa onyo. Asubuhi moja gari haifungui milango kwa rimoti, dashibodi inawaka taa kama za sherehe, hakuna kitu. Mimi moyo ulishuka kabisa, nilijua betri kubwa imekufa na nikaanza kupiga hesabu za hasara, mke wangu ananiangalia mimi namwangalia yeye. Kumbe ni ile ndogo. Ilibustiwa kidogo tu ikawaka maana inahitaji umeme mdogo sana, wa kuamsha kompyuta tu. Kwa hiyo ukiona haibridi imekufa ghafla kabisa, pima kwanza volti 12 kabla hujakubali mtu akuambie ubadilishe betri kubwa. Kwenye nyingi iko ndani ya buti au chini ya siti ya nyuma, na kwa sababu iko ndani mnamokaa watu ununue ile aina iliyozibwa yenye kibomba cha kutolea hewa nje, usiweke betri yoyote ilimradi imeingia. Na haibridi usiitumie kubustia gari za wenzako, hata kama ni jirani mwema, vifaa vya umeme vya ndani ni ghali kuliko huo msaada.

Na ile betri kubwa ina feni yake ya kupoza. Inavuta hewa kutoka ndani ya gari, kwenye gari nyingi mdomo wake uko pembeni ya siti ya nyuma, sehemu ambayo watoto wanaweka mabegi na makoti na vumbi lote la gari linaishia hapo. Mdomo ukiziba betri inapata joto, betri ikipata joto inazeeka. Hakuna anayekuambia wakati unanunua. Safisha filta ya huo mdomo kila unapomwaga oili, inachukua dakika chache, na wakataze watoto kuziba pale. Hii narudia kwa sababu ya yaliyotokea mbele ambayo nitayafikia.

Baada ya muda tukahamia nyumba yenye sehemu ya kuegesha ndani ya uzio, na hapo ndo habari ya umeme kamili ikaanza. Nilikuwa naitamani lakini naogopa, maana stori ni nyingi, ooh betri inakufa, ooh utalala njiani, ooh mvua itakupiga shoti. Kitu cha kwanza tulichofanya sio kutafuta gari, tulimwita fundi umeme. Na huu ushauri ningemkatia mtu yeyote tiketi ya kuja kuusikia ikibidi: fundi umeme kabla ya muuza gari.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Soketi ya kawaida ya ukutani ya volti 230 ukichajia kwa ampea 10 unapata kilowati 2.3. Ukichaji usiku kwa muda wa saa 10 ni kama uniti 23, kuna zinazopotea njiani kwa joto na kwenye chaja ya gari, kwa hiyo betri inapata kama 20. Gari ya umeme ya ukubwa wa kati inakula uniti 15 mpaka 20 kwa kilomita 100. Maana yake usiku mmoja kwenye soketi ya kawaida unarudisha kilomita 100 na kitu. Mtu anayetembea kilomita 40 au 50 kwa siku anatosheka kabisa, hahitaji chaja kubwa ya ukutani. Ile ya ampea 32 inatoa kilowati 7 na kidogo, ni nzuri kama mnatembea sana au mna gari mbili, lakini inataka laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi na waya mnene.

Tatizo ni kwamba soketi ya kawaida haikutengenezwa kubeba ampea 10 saa 10 mfululizo kila siku. Pasi unaitumia nusu saa, birika dakika tano, gari ni usiku kucha. Fundi wetu alipoifungua soketi tuliyotaka kutumia alikuta waya mwembamba umeunganishwa njiani na vifaa vingine, ethi haipo, akasema hii itaungua. Akavuta laini mpya, akaweka breka yake na kifaa cha kukata umeme ukivuja, soketi nzito ya nje yenye kifuniko. Gharama haikuwa ndogo na ilituuma maana tulikuwa tumeshabana bajeti kwa ajili ya gari, lakini nimeshaona kwa jirani plagi iliyoyeyuka mpaka ikang'ang'ania ukutani, kebo ya ekstensheni imezungushwa kwenye roli yake ikawa ya moto kama jiko. Kebo iliyozungushwa haipoi. Usichajie gari kwenye ekstensheni, na usiku wa kwanza kwanza uamke uguse plagi kwa mkono, ikiwa ya uvuguvugu ni kawaida, ikiwa ya moto huwezi kuishika zima.

Gari tuliyonunua ni ya mtumba. Hapa angalia kitu kimoja kuliko rangi na siti, afya ya betri. Kuna kifaa kidogo cha OBD unachomeka chini ya usukani kinaongea na simu, kwa programu inayofaa aina ya gari yako unasoma asilimia ya uwezo uliobaki ukilinganisha na ilivyokuwa mpya, na unaona kama seli zote ziko sawa au kuna moja inayoanguka. Nissan Leaf ina vipande 12 kwenye dashibodi vya kuonyesha hiyo afya, vikipungua ujue uwezo umepungua, na hizo Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina upozaji wa maji kwenye betri kwa hiyo zilizokaa nchi za joto kali zimechoka haraka kuliko zilizokaa kwenye baridi. Ilipotoka mwishoni mwa 2010 betri yake ilikuwa uniti 24 tu, sasa ikichakaa ikabaki na theluthi mbili unajikuta na gari ya kuzungukia mtaani. Ambayo sio vibaya kama ndo unachotaka na bei imeshuka inavyostahili! Ila ujue unachonunua. Wenye gari mpya wengi wanapata dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwa mtumba uliza kama bado inaendelea na kama inahama na mwenye gari. Angalia pia aina ya tundu la chaji, maana kuna Type 1, Type 2, CCS, CHAdeMO, na ukinunua gari yenye tundu ambalo vituo vya huko uliko havina, chaji ya haraka utaiona kwenye picha. Na hakikisha kebo ya kuchajia imekuja na gari, ikinunuliwa peke yake inauma.

Kuendesha kwenyewe. Aisee, hapa nitasema ukweli nimependa, sina namna nyingine ya kusema. Hakuna gia zinazobadilika, hakuna mtetemo, ukikanyaga inaondoka hapohapo, kuingia kwenye barabara yenye magari mengi ilikuwa inanitia wasiwasi na sasa hainitii. Ukiachia pedali gari inajipunguza yenyewe na kurudisha umeme, baada ya muda mguu unajifunza na breki unaigusa mara chache sana. Ila abiria wako watateseka mwanzoni. Binti yangu alikuwa anatapika, yeye ambaye hajawahi kutapika kwenye gari, ikabidi nipunguze ile nguvu ya kujizuia kwenye mipangilio na nijifunze kuachia mguu taratibu badala ya kuutoa wote kwa pamoja. Ikaisha kabisa. Na kwa sababu breki za kawaida hazitumiki, pedi zinadumu sana lakini diski zinashika kutu hasa msimu wa mvua, kwa hiyo mara mojamoja barabara ikiwa tupu nyuma yako kanyaga breki kwelikweli zijisafishe.

Watembea kwa miguu hawakusikii. Ulaya walilazimisha magari mapya ya umeme na haibridi yatoe sauti kwenye mwendo mdogo, kuanzia Julai 2021 kila gari mpya, lakini mtumba wa zamani unaweza usiwe na hicho kitu. Kwenye maegesho na karibu na shule mimi naenda kama vile hakuna anayejua nipo, maana ni kweli hawajui.

Turudi kwenye kilomita, maana najua ndo mnachosubiri. Ile namba kwenye dashibodi ni makadirio, inaangalia ulivyoendesha muda uliopita inadhani utaendelea hivohivo. Ukitoka kwenye foleni za mjini itakuambia 250, ukiingia barabara kuu unatembea 30 yenyewe imeshuka 45, na hapo ndo moyo unaanza kwenda mbio. Mke wangu safari yake ya kwanza ya mbali peke yake alinipigia akiwa na hasira, "hii gari yako inanidanganya". Haikumdanganya, ila hatukuwa tumeielewa. Tangu hapo tunaangalia asilimia, sio kilomita, na tunajua kwa njia zetu kila safari inakula asilimia ngapi.

Kilichonifanya nielewe vizuri ni hii hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9. Kwa hiyo betri ya uniti 40 imebeba nishati sawa na lita nne na nusu za petroli. Basi! Gari nzima inatembea kilomita 200 na kitu kwa nishati ya lita nne na nusu, kwa sababu mota inapoteza kidogo sana wakati injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuwa joto. Sasa ukishajua kwamba umebeba kidogo hivo, utaelewa kwa nini kila kitu kidogo kinaonekana. Kwenye petroli ukikimbia unapoteza lakini huoni, kwenye umeme unaona hapohapo. Upepo unaokuzuia unaongezeka kwa mraba wa mwendo, kutoka 80 kwenda 110 nguvu ya upepo ni karibu mara mbili, na ndo maana barabara kuu inakula kuliko mjini, kinyume kabisa na gari tulizozoea. Ukiona chaji inakutia wasiwasi, punguza mwendo kwanza, kilomita 10 au 15 kwa saa pungufu zinaokoa kuliko kuzima AC na kukaa mnatoka jasho.

AC kwa kweli watu wanaiogopa bure. Ikishapoza gari inakula kama kilowati moja hivi, yaani saa nzima kwenye foleni umepoteza kama kilomita 6. Kukaa kwenye foleni na gari ya umeme sio hatari, ni kama gari imelala. Hita ndo mla, kwenye gari zisizo na pampu ya joto (kama AC iliyogeuzwa, inavuta joto la nje kuliingiza ndani) inaweza kuvuta kilowati 3 mpaka 5 mwanzoni, kwa wa sehemu za baridi tumieni joto la siti na la usukani ambalo linakula kidogo sana, na pasheni gari moto ikiwa bado imechomekwa ukutani. Baridi pia inafanya betri ikubali chaji polepole.

Matairi nayo. Betri ya uniti 40 ina uzito wa kama kilo 300, na nguvu inakuja yote kwa mara moja, matairi yanaisha mapema kuliko nilivyotarajia na yale ya ukubwa na mzigo unaotakiwa sio ya bei rahisi. Upepo ukipungua unaona kwenye matumizi siku hiyohiyo. Hapa ndo sehemu moja ambayo gharama ilipanda, huku oili, plagi za injini, mikanda, filta za mafuta hakuna tena. Ukijumlisha umeme wa nyumbani na matengenezo, kwetu kila kilomita imekuwa nafuu sana kuliko hata ile haibridi, lakini hiyo ni kwa sababu tunachaji nyumbani. Chaji ya haraka ya barabarani huwa ghali zaidi, na mtu anayeitegemea hiyo peke yake anaweza asione nafuu yoyote, na muda wake unaenda.

Chaji ya haraka ina tabia yake. Kutoka asilimia 20 mpaka 80 inaenda vizuri, kwenye mashine ya kilowati 50 na betri kama yetu ni dakika 40 hivi. Kutoka 80 mpaka 100 inajivuta, unaweza kukaa karibu muda uleule tena kwa kipande kidogo. Kwa hiyo ikifika 80 chomoa uondoke, muachie na mwenzako aliyepanga foleni nyuma. Panga kufika kituoni ukiwa na 20 sio 5, maana mashine inaweza kuwa mbovu au kuna gari mbili mbele yako, na ukiwa na 20 unaenda kituo kingine bila kusali. Nyumbani pia betri nyingi zinapendelea uishie 80 siku za kawaida, ujaze 100 ukiwa na safari asubuhi. Ila kuna aina ya betri inayoitwa LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti) ambayo watengenezaji wengi wanataka uijaze mpaka 100 mara kwa mara ili hesabu ya asilimia isipotee, kwa hiyo soma kitabu cha gari yako, usifuate maneno ya mtu mwenye gari tofauti. Ukikaa juu mlimani usijaze 100 halafu uanze siku kwa kushuka, betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa kushukia na ile breki ya mota uliyoizoea haitakuwepo.

Mvua haina shida, hata kuchaji kwenye mvua, viungio vimetengenezwa kwa hilo na umeme haupiti mpaka gari na chaja vimekubaliana. Maji ya kuvuka barabara iliyofurika ni kitu kingine, usijaribu kwa gari yoyote. Na ikiharibika njiani usikubali ivutwe kwa kamba magurudumu ya mota yakiwa yanazunguka chini, mota inageuka jenereta na inaweza kuunguza mambo. Ibebwe juu ya lori, magurudumu yote yasiguse chini. Niliwahi kubishana na dereva wa kuvuta magari saa nzima juani kwa jambo hili na ningebishana tena. Waya za rangi ya chungwa chini ya boneti na chini ya gari ni umeme mkubwa, mamia ya volti, fundi ambaye hajafundishwa asiziguse, hata awe fundi wako wa miaka ishirini na unampenda.

Sasa haibridi. Iliendelea kuwepo, ndo gari ya safari ndefu na ya kunisaidia umeme wa nyumbani ukikatika siku mbili, na hilo la kukatika lilitokea nikashukuru Mungu hatukuiuza. Halafu siku moja ikawasha pembetatu nyekundu, kompyuta ikatoa namba P0A80 ambayo maana yake betri kubwa imechoka. Fundi wa kwanza akasema atabadilisha kipande kimoja kilichokufa, bei ndogo, na ilinishawishi kweli maana mwezi ulikuwa mbaya. Betri kama hizi zina vipande vingi, kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni 28, vyote vimezeeka pamoja. Ukiweka kimoja chenye nguvu kati ya wazee, baada ya miezi anakufa mwingine, unafungua tena, unalipa tena ufundi. Nimeona wenzangu wamefungua mara tatu ndani ya mwaka. Tukaomba muda tukae tufikirie.

Mke wangu alitaka tuiuze kama ilivyo tununue ya pili ya umeme. Nilielewa, na mimi moyo ulikuwa huko. Lakini tukarudi palepale, itachajiwa wapi? Laini yetu ni moja, nyumba ina umeme wa kutosha gari moja usiku bila kuangusha breka wakati pampu ya maji na vingine vinafanya kazi, kuongeza ni kuomba njia kubwa zaidi na kulipa tena fundi. Na zile safari za mbali tunakoenda kwa wazazi hakuna chaja katikati. Kwa hiyo tukaweka pakiti nzima mpya kwenye haibridi, pesa nyingi, karibu robo ya thamani ya gari, iliuma na bado nakumbuka ile jioni ya kulipa. Fundi alipofungua ya zamani akanionyesha feni yake, mapanga yamejaa vumbi na nywele kama blanketi, na filta ambayo tulikuwa tunaisafisha kumbe sio yote, kuna mfereji wa hewa nyuma yake ambao haufikiwi bila kung'oa plastiki ya pembeni. Mwambie fundi wako ang'oe hiyo plastiki mara moja kwa mwaka mfereji usafishwe mpaka kwenye feni. Ya kwetu sasa inasafishwa hivo, gari ya umeme inabeba mjini siku zote za wiki, na haibridi inatoka ikiwa safari inazidi kilomita 200 au umeme umekatika.